Kutokana na Ufinyu wa Muda

Mzee Valerian alikuwa na kigoda chake cha misibani. Kilikuwa cha mti wa mringaringa, chenye miguu mitatu, kimelainishwa na makalio ya baba yake kabla hajakirithi yeye, na kila alipofariki mtu katika kijiji chetu cha Uru alikitundika begani kwa kamba, akapita katikati ya migomba hadi penye msiba. Viti vya plastiki vilikuwepo chini ya turubai, na vijana walimkaribisha kwenye safu ya wazee, lakini yeye hakuitaka safu. Alikiweka kigoda chake chini ya kipaza sauti, karibu kabisa, akageuza upande wa sikio lake zima, akasubiri kusomwa kwa wasifu wa marehemu. Tuliomjua tulitabasamu, kwa sababu wasifu huo ulikuwa umeandikwa na binti yake.

Binti mwenyewe ni Mektrida. Kabla hajaitwa Mheshimiwa alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Moshi na mwandishi wa riwaya tatu zilizosifiwa mbali, ingawa huku kwetu, tuseme ukweli, wengi tulizipongeza bila kuzifungua. Sisi tulimjua kwa wasifu. Mtu akifariki, familia ilimfuata na mkungu wa ndizi au pakiti za sukari, naye aliketi nao jikoni. Badala ya kuuliza marehemu alizaliwa lini na alipata kipaimara wapi, aliuliza swali ambalo mwanzoni liliwaudhi watu: "Mara ya mwisho alicheka nini?"

Wafiwa walitazamana. Kisha mmoja alianza kusimulia huku akijifuta machozi, mwingine akamkosoa, na kabla hawajamaliza jiko zima lilikuwa linacheka na kulia kwa pamoja. Hapo ndipo Mektrida alipotoa kalamu. Siku ya maziko, wasifu uliposomwa, tulimwona marehemu akipita mbele yetu na kandambili zake, na ubishi wake, na ule wimbo aliokuwa akiukosea kila Jumapili. Mzee Valerian, chini ya kipaza sauti, alitikisa kichwa kwa kila sentensi kama mtu anayeonja mtori na kuona chumvi imekaa sawasawa.

Siasa aliingia kwa nia safi, na hilo hatumnyang'anyi. Mwaka ule mifereji ilikauka, kahawa ikakosa bei, na barabara ya kushuka mjini ikawa matope matupu. Watu walimjia nyumbani wakamwambia: wewe unayewasemea marehemu wetu, tusemee na sisi tulio hai. Nani angekataa maneno kama hayo? Alimwambia baba yake kwamba atafanya yote mawili, asubuhi za kuandika na mchana wa Bunge. Riwaya ya nne alikuwa ameifikisha katikati, mahali ambapo mwanamke mmoja amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, hajui aingie au aondoke. Mektrida alishinda uchaguzi, tukamcheza ngoma, tukanywa mbege hadi ikaisha. Yule mwanamke wa riwaya hakuguswa tena.

Msiba wa kwanza aliohudhuria akiwa Mbunge ulikuwa wa Bibi Veronika, aliyekuwa akiuza maziwa kwa nusu ya kijiji. Mektrida alikuwa Dodoma siku za maandalizi, kwa hiyo wasifu uliandikwa na Winfrida, binti wa marehemu, mchuuzi wa ndizi katika soko la Pasua, mjini. Winfrida hakuwa mwandishi. Lakini aliwaita ndugu zake jikoni, akawauliza lile swali kama alivyoona wengine wakiulizwa, akaandika kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyeiacha shule mapema. Siku ya maziko alikuwa ameshasimama, karatasi mkononi, amebakiza hatua chache kuifikia maiki, pale MC alipokohoa.

"Kutokana na ufinyu wa muda," alisema MC, "na kwa kuwa tumebahatika kuwa na Mheshimiwa Mbunge wetu, wasifu wa marehemu tutauruka. Familia watausoma wenyewe nyumbani. Mheshimiwa, karibu."

Winfrida alisimama kidogo, kama ambaye hajasikia vizuri. Halafu alirudi akaketi, akazikunja zile karatasi mara mbili, akaziweka mapajani. Mektrida aliyaona yote. Alichukua maiki, akatoa pole, kisha akaizungumzia barabara ya Uru kwa kirefu, kwa sababu watu walitaka kusikia habari za barabara. Jioni alimsindikiza baba yake kupanda kilima, dereva akiwafuata taratibu nyuma.

"Leo hatukumsikia Veronika," alisema mzee.

"Ni MC yule, baba. Nitamwambia."

"Mwambie, mama. Mwambie."

Hakumwambia. Misiba ilifuatana, MC akawa yuleyule au mwenziwe wa aina ileile, na kila mara neno lilikuwa ufinyu wa muda. Sisi nasi tulizoea. Ukizoea jambo huoni tena kwamba limekosekana, na wengine tuliona ni afadhali, tuliwahi nyumbani kukamua ng'ombe. Mzee Valerian peke yake aliendelea kubeba kigoda chake, akakaa chini ya kipaza sauti, akasikiliza salamu za serikali kwa sikio lake zima, akarudi nyumbani kimya.

Krismasi moja, wakati watoto wa Uru waliotawanyika nchi nzima wamerudi kwao, mzee alimwita binti yake nyuma ya zizi. Alikuwa anakatakata vigogo vya migomba kwa ajili ya ng'ombe, na hakuacha kukata.

"Mama," alisema. "Wangu uniandikie sasa. Na unisomee."

"Wako nini, baba?"

"Wasifu."

Mektrida alishtuka. "Baba, huo ni uchuro!"

"Uchuro gani? Nimewazika watu wengi, wote ulinisomea habari zao. Wangu utamsomea nani? Mimi sasa nasikia kwa sikio moja, na hilo nalo liko njiani kuondoka. Maiti ndiyo haisikii kabisa."

Alisema kwa utani, lakini panga lilikuwa limetulia juu ya kigogo. Mektrida alicheka, akamwahidi kwamba Pasaka ataleta. Pasaka ilipofika kulikuwa na ziara. Akasema Agosti. Ukweli ni kwamba alijaribu. Asubuhi moja huko Dodoma, kabla ya vikao, aliandika jina la baba yake juu ya karatasi safi, na sentensi iliyofuata ilikuja yenyewe: "Ndugu zangu, itakumbukwa kwamba." Akaifuta. Iliyofuata ilianza na "Katika kipindi hiki." Alikaa akiutazama mkono wake kwa woga, kwa sababu mkono huo ndio uliokuwa ukimletea watu kutoka kaburini, na sasa haukuweza kumleta mzee mmoja aliye hai, anayekula, anayempigia simu kila Jumapili. Aliona aibu. Alipopigiwa simu tena alijificha nyuma ya uchuro, akasema wifi yake Violet hatapenda mambo hayo yafanyike nyumbani.

Violet ni mke wa kaka yake Mektrida aliyeko Mwanza kikazi. Ndiye aliyebaki kwenye kihamba, shamba la ukoo, akamtunza baba mkwe na ng'ombe na kahawa. Ni yeye aliyepiga simu wakati wa Bunge la bajeti.

"Wifi, baba amerudishwa kutoka hospitali. Daktari anasema moyo umechoka. Anaulizia jambo lake."

"Jambo gani?"

"Wewe unalijua."

Mektrida alipata ruhusa ya siku moja. Muda wa kuandika hakuupata, au mkono ndio hakuupata, kwa hiyo alimwambia katibu wake Fredy amwandalie rasimu. Fredy ni kijana mwenye adabu na shahada, anayejua kazi yake. Alimuuliza bosi wake mambo machache ndani ya gari, akachapa, akamkabidhi karatasi mbili safi uwanja wa ndege. Mektrida alizipitia angani juujuu, kama anavyopitia hotuba zote.

Alimkuta mzee nje. Alikuwa amekataa kulala. Alikuwa amemwomba Violet amvalishe koti lake la kanisani, amtolee kigoda, amweke uani karibu na mibuni, na pale alikuwa ameketi, amekonda, amegeuza lile sikio lake upande wa kiti kitupu kilichowekwa kwa ajili ya binti yake. Bakuli la mtori lilikuwa miguuni halijaguswa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Keti. Soma."

Alisoma. "Mzee Valerian atakumbukwa kwa mchango wake mkubwa katika kuhamasisha wananchi kushiriki shughuli za maendeleo. Alikuwa mstari wa mbele katika kilimo cha kahawa chenye tija. Katika uhai wake alishirikiana na wadau mbalimbali..." Kufikia neno "wadau" alishausikia uongo wake mwenyewe. Haukuwa uongo hasa, kila kitu humo kingeweza kuthibitishwa, lakini hakikuwa cha mtu yeyote. Alitaka kusimama, ila hakujua aweke nini badala yake, basi akaendelea hadi mwisho kwa sauti nzuri ya Bungeni.

Kuku walikuwa wanachakura chini ya mibuni.

"Mtu mzuri huyo," alisema hatimaye. "Alikaa kitongoji gani?"

Violet aligeuka akatazama kwingine.

"Baba, ni wewe."

"Eeh." Akatikisa kichwa polepole. "Asante, Mheshimiwa."

Tangu binti yake azaliwe, mzee alikuwa akimwita mama. Alimwita mama alipompeleka bweni na sanduku la bati, alimwita mama siku ya harusi yake, na siku alipoapishwa, wakati sisi wengine tumeanza kushindana kumwita Mheshimiwa, yeye peke yake alisema, hongera mama, umekula? Mektrida alizikunja zile karatasi, akachuchumaa mbele ya kigoda, akaishika mikono ya baba yake.

"Baba, nisamehe. Tuanze upya. Niambie mwenyewe, mara ya mwisho ulicheka nini?"

Macho ya mzee yalimrudia. Kitu kilianza kujikusanya usoni mwake, pembeni mwa mdomo, na alifungua kinywa aseme. Hapo simu ikaita. Jina lililotokea halikuwa la mtu wa kuachwa aite hadi achoke.

"Dakika moja, baba."

Alisimama kwenye mibuni akizungumza, mkono mmoja ukipukutisha majani bila kujua. Aliporudi, kigoda kilikuwa kitupu. Violet alikuwa ameshamwingiza baba ndani, naye amelala. Gari lilikuwa linasubiri kumwahisha uwanja wa ndege. "Mwambie Jumamosi," alisema Mektrida, "nakuja na kalamu tu, sina kitu kingine." Alhamisi mzee alifariki, Violet akiwa anamwekea mto vizuri.

Asubuhi ya maziko, wakati vijana wanafunga maturubai na wanawake wanamenya ndizi, Mektrida alikichukua kigoda akaenda kukaa nyuma ya zizi. Violet alimfuata na kikombe cha chai. Macho ya wote wawili yalikuwa yamevimba.

"Wifi," alisema Mektrida, "mara ya mwisho baba alicheka nini?"

Violet aliweka kikombe chini. "Alinikataza nisikuambie."

"Niambie."

"Alikucheka wewe. Siku ile ulipoondoka aliamka, akaniuliza, Violet, umesikia? Mimi mstari wa mbele! Maisha yangu yote nimekaa nyuma ya ng'ombe. Akacheka, mae, alicheka mpaka nikaogopa kile kifua. Halafu ananiuliza tena, na wadau ndio nani, ni wale wa Kirua wanaotuibia maji? Akacheka tena." Violet alijifuta kwa ncha ya kanga. "Halafu kicheko kikaisha. Akasema usimwambie, amechoka mtoto wangu, wanamchosha."

Mektrida aliinamisha uso magotini akalia kwa sauti, kama mtoto. Wanawake waliokuwa wanamenya ndizi waliacha visu vikatulia. Alipomaliza kulia aliomba karatasi, na Violet alimletea daftari la shule la mtoto. Na mkono, bila kuombwa, uliandika. Aliandika jinsi baba yake alivyokwenda kanisani pekupeku viatu vikiwa mkononi, akavivaa mlangoni, kwa kuwa viatu vililetwa kumsalimia Mungu na si kukanyaga tope. Aliandika kwamba alipokasirika alifagia uwanja, na mwaka alipofariki mkewe uwanja ulifagiliwa mpaka mizizi ya mparachichi ikatokeza. Aligombana na ng'ombe kwa Kichagga na padri kwa Kiswahili. Aliandika habari za kigoda na kipaza sauti. Mwishoni aliandika kile kicheko, pamoja na wadau, pamoja na yeye mwenyewe na karatasi zake mbili. Ulikuwa wasifu mzuri kuliko wowote aliowahi kuandika, na alilijua hilo kabla wino haujakauka. Jambo hilo lilimuumiza, kwa kuwa mtu mmoja tu ndiye angelifurahia.

Mazishi ya baba wa Mbunge si mazishi ya mtu mmoja. Magari yalijaa hadi kwenye mfereji. Mgeni mkubwa kutoka Dodoma alichelewa, na kila kitu kikamsubiri, hata padri. Watu wote waligawiwa kijitabu cha karatasi ng'avu chenye picha ya marehemu, na ndani yake, chini ya kichwa kilichopambwa, Fredy alikuwa ameuchapa ule wasifu wa mstari wa mbele. Hakuwa na kosa, hakuna aliyemwambia vinginevyo. Violet alikuwa amekichukua kigoda bila kumuuliza mtu, akakiweka chini ya kipaza sauti, mahali pake.

MC aliinama kwenye sikio la Mektrida. "Pole sana, Mheshimiwa. Mgeni ana ndege ya kuwahi. Wasifu upo kwenye kijitabu. Wewe tunaomba utoe shukrani tu kwa niaba ya familia."

Alikuwa ameshaamua kwamba atasoma, mgeni awahi au achelewe. Alipoitwa alisimama na karatasi zilizochanwa kutoka daftari la mtoto, akatembea hadi kwenye maiki, akakiona kigoda. Alifungua mdomo amtaje baba yake kwa jina.

Kilichotoka ni, "Itifaki imezingatiwa."

Aliisikia sauti yake. Sisi tuliokuwa karibu tulimwona akiisikia. Lakini maneno yalikuwa yameshafunguliwa, na yakashuka kama maji yanavyoshuka kwenye mfereji yanaoujua: alimshukuru mgeni rasmi, alishukuru chama, alishukuru viongozi wa dini na wa mkoa, kila mmoja kwa cheo chake, hakumsahau hata mmoja. Mkono wenye karatasi ulikuwa umeshuka chini, karibu na sketi nyeusi. Alipomaliza, Mungu atusamehe, wengine tulipiga makofi.

Mzee Valerian alizikwa kwenye kihamba, kando ya mkewe. Mgeni aliwahi ndege yake. Watu walikula, wakatawanyika, na wenye vyombo vya muziki wakaanza kukunja nyaya. Mektrida alikuwa ameketi peke yake kwenye viti vitupu wakati mwanamke mmoja alipokuja akaketi kiti cha pili, akiacha kimoja katikati yao. Alikuwa Winfrida.

"Pole, Mheshimiwa."

"Asante, dada."

Winfrida aliutazama mkono wa Mektrida, uliokuwa bado umezifumbata zile karatasi.

"Ya baba hiyo?"

"Ndiyo."

"Mimi ya mama ninayo bado. Iko ndani ya kitabu cha sala. Mara nyingine naitoa, naiangalia tu. Sijui niipeleke wapi."

Hakuisema kwa hasira. Angeisema kwa hasira ingekuwa nafuu. Mektrida alikaa na maneno hayo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutafuta neno la kujibu lenye adabu.

"Mama yako," aliuliza taratibu, "mara ya mwisho alicheka nini?"

Winfrida alifikiri. Alitazama juu, upande wa mlima uliokuwa umefunikwa na mawingu, midomo ikitembea kidogo kama anayehesabu. "Tuliulizana usiku kucha," alisema. "Mdogo wangu ndiye aliyekumbuka, tukacheka sana. Lilikuwa jambo la ndoo. Ndoo, na nani sijui..." Aliacha. "Imeandikwa mle. Kwa kichwa sikumbuki tena."

"Kailete, dada. Unisomee. Na mimi nikusomee ya baba."

"Sasa hivi? Na watu wako wale?"

"Nakusubiri hapa."

Winfrida alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekwisha kutuahidi barabara. Kisha alijifunga kanga vizuri, akainuka, akaanza kupanda kuelekea kwake, nyumba ya pili ng'ambo ya mfereji. Mektrida alikwenda akachukua kigoda kabla vijana wa muziki hawajakisogeza, akaketi juu yake, akazinyoosha karatasi magotini. Kule barabarani Fredy alikuwa amesimama kando ya gari, injini inanguruma, mkono kwenye kitasa cha mlango.

Winfrida alikuwa hajafika hata kwenye mfereji, simu ya Mektrida ikaanza kuita.